Goti Jipya, Mikono Ileile

Shangazi yangu wa Tanga alibadilishiwa goti la kulia akiwa na miaka 58. Miezi minane baadaye nilimkuta amekaa barazani, nikampa shikamoo, na kabla sijavuta kigoda nikauliza goti linasemaje.

"Goti halina neno, mwanangu. Dukani nakwenda na kurudi kwa miguu yangu. Ila nikifika, muuza duka ndiye anayenifungulia pochi."

Akacheka, akaficha mikono chini ya kanga kama alivyozoea.

Faili lake hospitalini lina habari njema tupu. Eksirei inaonyesha chuma na plastiki vimekaa sawasawa. Goti linanyooka lote na linakunja hadi nyuzi 110. Kidonda kilifunga bila usaha. Penye swali la maumivu pameandikwa "kidogo". Daktari wa mifupa akizisoma karatasi hizo ana kila sababu ya kufurahi, nami simlaumu, maana mwaka mmoja kabla ya operesheni nilimwona shangazi akijisogeza kwa makalio kutoka kitandani hadi mlangoni. Ninachogombana nacho ni neno linaloandikwa chini kabisa ya karatasi za namna hiyo, kwamba operesheni imefaulu. Imefaulu kwa goti. Kwa mwenye goti, hakuna aliyeuliza.

Mzee ambaye goti lake limesagika kwa umri, kwa unene au kwa ajali ya zamani huenda hapati hasara kubwa kwa kutoulizwa. Mikono yake mizima, shingo nzima, usingizi anaulala. Ukimwondolea kero ya goti, umemrudishia karibu kila alichokuwa amepoteza. Shangazi ana ugonjwa mwingine kabisa, ingawa Kiswahili chetu kimeyatia yote mawili kapu moja na kuyaita baridi yabisi. Ugonjwa wake madaktari huuita rumatoidi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaugeukia utando laini unaovisha viungo kwa ndani. Utando huvimba, hunenepa, hula gegedu, ule mfuniko laini wa ncha za mifupa, na kuuchimba mfupa. Mara nyingi huanzia vidole vya mikono na vya miguu, kulia na kushoto kwa pamoja, na asubuhi mgonjwa huamka amekakamaa, saa nzima au zaidi, ndipo aweze kushika kikombe. Juu ya hayo kuna uchovu ambao hata ukilala siku nzima hauondoki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na katika kila kumi, saba ni wanawake.

Jina lenyewe nalo limechangia kutupoteza. Baridi na yabisi, yaani ukavu, ni maneno ya tiba ya kale iliyofika pwani kwa njia ya Waarabu, tiba iliyopanga tabia za mwili katika joto na baridi, unyevu na ukavu. Ndiyo maana mpaka leo mgonjwa huambiwa avae soksi, aache maji ya baridi, akandwe kwa mafuta ya moto usiku. Mafuta hayana ubaya wowote, na mkono wa binti unaokukanda una dawa yake. Ubaya uko kwenye miaka inayopita mtu akikandwa huku utando ule ukiendelea kula mfupa.

Aliyezianzisha operesheni hizi za kubadilisha viungo kwa sura tunayoijua leo aliliona tatizo la kipimo mapema. John Charnley, daktari wa mifupa wa Uingereza, alianza Novemba 1962 katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, kuweka nyonga bandia yenye kichwa cha chuma cha milimita 22 na ushei kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu ya polietilini. Kabla ya hapo alikuwa ametumia Teflon, ileile inayopakwa kwenye makaango ili chakula kisigande, ikalika ndani ya miili ya wagonjwa upesi mno na kumwachia kazi ya kuwafungua upya. Kwa hiyo alikuwa mtu aliyekwisha kuonja aibu ya kutangaza mafanikio mapema.

Mwaka 1972, akitoa hesabu ya wagonjwa wake, Charnley aliwagawa mafungu matatu. Fungu A ni wenye nyonga moja mbovu na mwili uliobaki mzima. Fungu B, nyonga zote mbili. Fungu C ni wale wenye jambo jingine linalowazuia kutembea, na mfano wa kwanza kabisa ni wagonjwa wa rumatoidi. Akaonya kwamba mwendo usitumiwe kuipima nyonga ya mtu wa fungu C. Kwake tazama maumivu na namna kiungo kinavyokunja, basi, kwa sababu mwendo wake unaamuliwa na magoti, nyayo na mengine ambayo nyonga haina habari nayo.

Ulikuwa uungwana wa mtaalamu. Hakutaka nyonga yake ilaumiwe kwa kosa la kifundo cha mguu. Lakini ukimtenga mtu ili hesabu isichafuke, hesabu inayobaki haimhusu, na shangazi yangu ni fungu C tangu unywele hadi ukucha. Kila mara mtu anaponitajia asilimia nzuri ya waliofanikiwa baada ya kubadilishiwa kiungo, huuliza kwanza ni mafungu gani yalihesabiwa.

Tafiti zilizowahesabu waziwazi zimeleta picha inayochanganya. Katika hospitali ya mifupa ya New York iitwayo Hospital for Special Surgery, watafiti waliwafuatilia waliobadilishiwa nyonga na kukuta kwamba baada ya miaka miwili wagonjwa wa rumatoidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki na maumivu na mwendo hafifu kuliko wale ambao viungo vyao vimesagika tu. Mtu akiishia hapo atasema operesheni haiwasaidii sana. Sasa nenda Uswidi, ambako wana rejista ya magoti bandia tangu 1975. Mwaka 1997 waliwaandikia barua watu waliobadilishiwa goti kati ya 1981 na 1995, zaidi ya magoti 27,000, wakauliza: umeridhika? Karibu wote walijibu. Kwa magoti ambayo hayakuhitaji kufunguliwa tena, wasioridhika walikuwa asilimia 8 tu. Na waliougua kwa miaka mingi kabla ya operesheni, kama walivyo wagonjwa wa rumatoidi, waliridhika mara nyingi zaidi kuliko waliougua kwa muda mfupi.

Inakuwaje mtu anayetembea vibaya zaidi awe ndiye aliyeridhika zaidi? Swali hili limenikalia kichwani kwa muda, na majibu ninayoyaona ni mawili, yote ya kweli, na yanavutana.

La kwanza ni kwamba mtu hujipima kutoka alikotoka. Mstaafu aliyekuwa akicheza tenisi huliangalia goti jipya na kuona tenisi iliyopotea. Shangazi huliangalia lake na kuona usiku ambao halimwamshi. Hapo operesheni imefanya kazi kubwa kuliko inavyosema mita ya mwendo. Maumivu ya goti moja lililoharibika kabisa humla mtu mzima mzima. Yanamnyima usingizi, na kukosa usingizi kunayazidisha maumivu ya kwingine. Ukizima moto huo mmoja, hata mikono ambayo hujaigusa hutulia kidogo. Shangazi mwenyewe alinieleza kwamba wiki aliyoacha kuamka usiku ndiyo aliyojiona amerudi duniani, na wakati huo bado alikuwa anatembea kwa magongo.

La pili halinipi raha. Mtu aliyezoea kukosa huridhika na kidogo, na kuridhika kwake ni rahisi kugeuzwa kisingizio. Mama akisema "nashukuru, si kama zamani," karani huandika ameridhika, na safari inaishia pale. Hakuna anayemwuliza kama angeweza kupata zaidi: kama dawa zake zingeongezwa, kama mtaalamu wa fiziotherapia angemwona mara kumi badala ya mara mbili, kama mikono ingepewa vifaa vya kufungulia chupa. Shukrani ya mgonjwa wa kwetu ni ya adabu pia. Mtu aliyechangiwa na ukoo mzima kulipia operesheni hawezi kusimama mbele ya daktari akalalamika kuhusu pochi.

Ndiyo maana maswali yenyewe yana uzito. Tangu 1980 wataalamu wana dodoso la chuo cha Stanford linaloitwa HAQ, lililotungwa kwa ajili ya wagonjwa wa viungo, na ni zuri kwa sababu linamwuliza mtu mzima na si kiungo kimoja: unaweza kuvaa, kuosha nywele, kunyanyua kikombe kilichojaa, kufungua bomba la maji? Pia kuna SF-36, dodoso la afya kwa jumla, ambalo tafsiri yake ya Kiswahili ilijaribiwa Dar es Salaam na matokeo kuchapishwa 1999. Wengi hawajui kwamba lipo. Lakini asili yake ya Kiingereza humwuliza mtu kama anaweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu, na hapo unaona kazi inayomsubiri yeyote anayetaka kumpima mama wa Makorora, mtaa wa Tanga. Kutafsiri maneno hakutoshi.

Mimi ningemwuliza hivi. Unaweza kukuna nazi? Kukuna kunataka ukalie mbuzi, magoti yamekunjwa, kiganja kimeshika kifuu kwa nguvu. Tui je, unalikamua mwenyewe? Ugali wa watu sita unausonga? Ukipanda daladala, kondakta hukusubiri ukashika bomba, au unashikwa wewe? Chooni unachutama? Sijda unafika chini, au unaswali kwenye kiti? Kanga unaifunga mwenyewe? Mjukuu akilala, unaweza kumnyanyua mkekani?

Ukiyachambua maswali hayo utaona goti limo katika machache tu, na hata humo jibu lina mipaka. Goti bandia la kawaida hukunja nyuzi 110 hadi 120. Kuchutama vizuri kunataka zaidi ya 130, na kukaa juu ya visigino katika swala kunakaribia 150. Aliyewekewa nyonga yuko pabaya zaidi wiki za mwanzo, kwa sababu kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kama kwenye kigoda au choo cha shimo, kunaweza kuichomoa mahali pake, na wagonjwa wa rumatoidi wako hatarini zaidi kwa jambo hilo. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, chenye ndoo chini yake au kilichowekwa juu ya shimo, kinafaa kiwe tayari kabla mgonjwa hajalazwa. Nimeona familia inakusanya mamilioni kwa ajili ya chuma na kusahau kiti cha kutoboa. Siku ya kurudi nyumbani ndipo vijana wanatumwa kuazima kisu cha moto.

Mikono nayo ina habari yake. Mmarekani Alfred Swanson wa Grand Rapids alianza miaka ya 1960 kuweka vifundo vya vidole vya silikoni, na bado vinatumika. Tafiti zimeonyesha mkono ulionyooshwa hivyo hufanya kazi vizuri zaidi na hupendeza zaidi kwa mwenyewe, ingawa nguvu ya kushika haiongezeki kwa maana. Wapo wanaodharau hilo la kupendeza. Waje wamwone mwanamke anayeficha mikono chini ya kanga arusini wakati wenzake wanapiga vigelegele na kurusha pesa.

Tukirudi Wrightington, miaka karibu 40 baada ya Charnley, hospitali hiyohiyo ilijibu swali ambalo kwetu bado linaharibu matokeo. Mgonjwa anayetumia methotreksati, dawa kuu ya kuituliza rumatoidi, aiache kabla ya operesheni au aendelee? Hofu ilikuwa kwamba dawa inayoipooza kinga italeta usaha. Waliwafuatilia wagonjwa 388 na kuchapisha 2001. Walioendelea na dawa walikuwa 88, na wawili tu ndio waliopata maambukizi au matatizo ya kidonda. Walioachishwa walikuwa 72. Waliopata matatizo ni 11. Kati ya 228 ambao hawakuwa wakiitumia kabisa, ni 24. Kwa maneno mengine, aliyeachishwa ndiye aliyeumia zaidi, na ugonjwa wake nao ukapata nafasi ya kufumuka. Miongozo ya Marekani ya 2017 na ile iliyoihuisha mwaka 2022 inasema vivyo hivyo: methotreksati iendelee. Zile sindano za kibayolojia, dawa mpya zaidi za kuizuia kinga, ndizo zinazopangiwa ratiba, operesheni ifanyike mwisho wa mzunguko wa dozi, na zirejeshwe kidonda kikishafunga, wiki mbili hivi baadaye. Steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, nazo zisikatwe ghafla. Mgonjwa aendelee na dozi yake ya kila siku, ila ni vizuri awe ameshashushwa chini ya miligramu 20 za prednisoloni kabla ya siku hiyo.

Shangazi aliachishwa dawa zote wiki tatu kabla na akakaa bila kitu miezi miwili baada ya hapo. Hospitali siitaji, nia haikuwa mbaya. Lakini wiki ya nne baada ya operesheni, wakati alipotakiwa kukunja na kukunjua goti kila siku, vifundo vya mikono na mabega vilivimba vyote. Asingeweza kushika magongo. Asingeweza kujisukuma kitandani. Mazoezi yakalala, na nyuzi 110 alizonazo leo nina hakika zingekuwa zaidi. Hata kwa wanaotunzwa vizuri jambo hili hutokea: huko New York zaidi ya nusu ya wagonjwa wa rumatoidi waliofuatiliwa walifumuka ndani ya wiki sita za kubadilishiwa nyonga au goti, hasa wale walioingia chumba cha upasuaji ugonjwa ukiwa haujatulia. Unaelewa basi kwa nini ninasema ubora wa maisha baada ya goti unaamuliwa na mambo ambayo kisu hakiyafikii.

Hapa niseme neno moja la tahadhari kwa ndugu na watoto wa wagonjwa, hata kama linaikata makala. Kiungo bandia kinaweza kushika usaha miaka kadhaa baadaye, vijidudu vikisafiri kwa damu kutoka kwenye jino bovu, kidonda cha mguu au mkojo, na mgonjwa wa rumatoidi yuko hatarini zaidi kuliko aliyesagika tu. Goti lililobadilishwa likivimba, likawa na moto, usiseme "baridi yabisi imerudi" na kumpaka dawa ya kuchua. Wala usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya kuua vijidudu, maana vitaficha mdudu bila kummaliza. Apelekwe alikofanyiwa operesheni, maji ya goti yavutwe kwa sindano yapimwe, kisha dawa zianze. Siku mbili za kungojea hapa zinaweza kugharimu goti lote.

Mpangilio wa operesheni nao ni elimu inayojitegemea. Mtu mwenye viungo sita vibovu haanzwi na kile kinachomlilia zaidi. Vidonda vya nyayo huponywa kwanza, kwa sababu ni mlango wa usaha. Nyonga kwa kawaida hutangulia goti: mazoezi ya nyonga yanawezekana goti likiwa bovu, kinyume chake ni shida, na wakati mwingine nusu ya maumivu ya goti yanatoka nyongani. Mikono ikaguliwe kama itashika magongo, na ikishindikana kuna magongo ya kuegemeza kigasha badala ya kiganja. Na shingo! Rumatoidi hulegeza mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo, ile inayobeba kichwa, na mgonjwa anaweza asijue. Daktari wa usingizi akiikunja shingo hiyo ili kupitisha mpira wa hewa, uti wa mgongo uko hatarini. Picha ya eksirei ya shingo, moja akiwa ameinama na moja ameinua kichwa, ni bei ndogo kuliko chochote kilichomo katika operesheni ile. Uliza kama imepigwa.

Najua nitakaloambiwa. Nchi ambayo mabingwa wa magonjwa haya wanahesabika kwa vidole, na operesheni zenyewe zinafanyika katika hospitali chache kama MOI ya Muhimbili na KCMC ya Moshi, itapata wapi nafasi ya madodoso? Mtu apate goti kwanza, mengine baadaye. Hoja hiyo ingenishika kama isingekuwa Malawi. Malawi haituzidi kwa utajiri, lakini ilianzisha rejista yake ya kitaifa ya viungo bandia mwaka 2005, na kutoka humo wamejifunza kwamba sababu zinazowapeleka watu wao kwenye nyonga bandia hazifanani na za Ulaya: wengi ni wale ambao mfupa umekufa kwa kukosa damu. Wagonjwa wa rumatoidi ni wachache sana. Sidhani ni kwa sababu ugonjwa haupo. Nadhani hawafiki.

Huko Skandinavia wamepungua pia, kwa sababu iliyo kinyume. Tangu methotreksati ianze kutumika mapema na kwa dozi kamili, na sindano za kibayolojia zilipofuata kuanzia 1998, viungo vinavyohitaji kubadilishwa kwa ajili ya rumatoidi vimeshuka mwaka hadi mwaka, kwa sababu mfupa hauliwi. Methotreksati imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na tangu 2019 hata adalimumab, mojawapo ya sindano hizo, imeongezwa. Sindano ni ghali, sawa. Methotreksati si ghali. Hunywewa mara moja kwa wiki (kwa wiki, si kila siku, kosa hilo huua), pamoja na foliki asidi na kipimo cha damu kila baada ya muda.

Shangazi alianza kuvimba vidole akiwa na miaka 41. Methotreksati aliandikiwa akiwa na 55. Miaka 14 hiyo ilijaa diklofenaki, sindano za steroidi za kila mwezi kutoka duka la dawa la jirani, ambazo zilimpa nafuu tamu ya siku kumi na kuutafuna mfupa wake kwa kisogo, na mafuta ya kila rangi. Ukinitaka nipime ubora wa maisha yake baada ya goti, nitaanza kuhesabu hapo, kwenye miaka 41, mbele ya dirisha la duka la dawa.

Sasa goti la kushoto limeanza kulia, na daktari amekubali kulibadilisha. Safari hii kuna kijana wa fiziotherapia aliyemkagua mikono kwanza. Akashauri kifundo cha mkono wa kulia kigandishwe kwa chuma kabla ya goti, kwa sababu kilivyolegea hakitabeba gongo. Ni ushauri mzuri. Kifundo kilichogandishwa hakiumi, na kiganja hupata nguvu ya kushika. Nilimweleza shangazi hivyo, kwa ufasaha wote niliokuwa nao.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kisikunje tena kabisa?"

"Hakitakunja, shangazi. Lakini hakitauma."

"Basi tui nitalikamuaje? Na chooni, mwanangu, nitajisafishaje?"

Sikuwa na jibu. Nimeyaandika maswali yote mawili kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, ayapeleke kliniki Jumanne.